Tembe Aliyefichwa Ghalani

Kifaranga wa kwanza alipopotea, Mu Wah alimtukana mwewe. Alisimama uani, mkono mmoja kiunoni na mwingine umekinga jua, akalitukana anga lote bila kubagua, maana mwewe mwenyewe hakuwepo. Wa pili alipopotea akatukana tena. Wa tatu alipopotea hakutukana. Alikaa kwenye ngazi ya nyumba akawahesabu waliobaki, sita, akawahesabu tena, na tumbo likaanza kumkata.

Usimcheke mtu kuumwa tumbo kwa ajili ya kifaranga. Hawa hawakuwa kuku wa mchuzi. Binti yake Eh Say, mtoto wa miaka saba, alikuwa anashikwa na homa tangu msimu wa mvua. Homa inakuja mchana, inaondoka, inarudi wiki ya pili yake. Zahanati ya kule barabarani walimpima malaria wakakuta hana, wakampa vidonge, akavimeza vyote, homa ikarudi. Kijiji kizima kilijua kilichobaki: kuilisha mizimu ya ukoo, kuziita roho za mtoto zirudi, na kumfunga uzi kwenye vifundo vya mikono. Na huku kwetu milimani hilo halifanywi kwa kuku wa kununua. Sharti awe mtetea na jogoo waliozaliwa chini ya sakafu ya nyumba yako, wa kizazi cha kuku wa mama yako, ambaye naye aliwapata kwa mama yake. Ukipeleka kuku wa sokoni, mizimu itakuuliza huyu mgeni ametoka wapi.

Kwa hiyo Mu Wah alihitaji mtetea mmoja na jogoo mmoja tu wakue miongoni mwa vifaranga wale. Miezi mitatu, minne hivi. Si mingi, ila kwa mwendo ule angebaki na manyoya.

Na hapa ndipo penye kidonda chenyewe. Vifaranga wale hawakupaswa kuwepo duniani.

Mama yake, Bibi Paw Gay, alifariki msimu wa baridi, mpunga ukiwa umeshaingia ghalani. Mwanamke mwenye nyumba akifa haendi peke yake. Nyumba yake hubomolewa, na kuku wake aliowafuga kwa ajili ya mizimu huchinjwa wote siku ile ile, wamfuate. Wote, hata aliyeatamia. Mu Wah alikuwa ameolewa na ana nyumba yake, hatua hamsini tu kutoka kwa mama, nyuma ya mifenesi, na mambo hayo aliyajua tangu hajaota meno. Lakini kideri kilikuwa kimeshafagia kuku wake yeye, hata wa dawa hakusalia. Walionusurika walikuwa wa mama, kumi na mmoja, na Eh Say alikuwa anawaka homa. Basi asubuhi ile ya msiba, kabla wajomba hawajafika, alimkamata tembe mmoja mweusi ambaye hajataga hata yai moja, akamtia kwenye tenga, akamfunika kwa pilipili kavu, akapanda naye ghalani.

Mjomba mkubwa alichinja kumi, akafuta kisu kwenye jani la mgomba.

"Wameisha?"

"Wameisha, mjomba."

"Mu Wah. Wameisha?"

"Si umewachinja mwenyewe, mjomba? Unaniuliza mimi tena?"

Mjomba akamtazama kidogo, kisha akaenda zake kunawa. Mu Wah alijifariji kwamba tembe asiyetaga si kuku wa kuhesabiwa, na kwamba mama, kwa alivyompenda mjukuu wake, angeelewa. Mtoto huyo alilala ubavuni mwa bibi yake tangu alipoachishwa ziwa. Bibi gani atakataa? Hivyo ndivyo alivyojiambia, na mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Tembe akakua, akataga, akaatamia, akaangua tisa. Kijijini alisema kapewa na binamu yake wa bonde la pili.

Sasa walibaki sita. Mume wake, Thaw Thi, mtu mpole asiyependa makelele, alishuka na panga akakata mianzi, akazungusha uzio uani, mianzi imebanana hata kidole hakipiti. Juu akatandaza wavu mkuukuu wa samaki kwa ajili ya mwewe. Mu Wah akaning'iniza diski mbovu za video zimulike jua, maana mwewe hapendi mwanga unaochezacheza. Mbwa wao wakamfunga pale mlangoni.

Jirani yao, Mama Htoo Lay, alipita na mzigo wa kuni mgongoni, akasimama kutazama.

"Mama Eh Say, hebu niambie. Unafuga kuku au unavua samaki?"

"Cheka tu. Siku wako watakapoliwa nitakuja nicheke na mimi."

"Wangu hawaguswi. Wanazurura mpaka mtoni na jioni wanarudi wenyewe. Tena nikwambie, kikulacho ki nguoni mwako. Mwangalie huyo mumeo, siku hizi ana kitambi."

Thaw Thi akajishika tumbo, akacheka. Eh Say naye akacheka pale ngazini, na pengo lake la mbele likaonekana lote. Alikuwa ameng'oka meno manne kwa mpigo. Kila siku alijaribu kuwaita vifaranga kama wanavyoitwa, prrr, prrr, na kila siku mate yalimtoka akalowa kidevu. Baba yake alimtania kwamba anawaogesha kuku badala ya kuwaita.

Kesho yake mchana kifaranga wa nne akapotea. Wavu haujatoboka, uzio mzima, mbwa kalala.

"Mbwa gani huyu?" Mu Wah alifoka. "Anakula wali wangu bure."

Thaw Thi akatega vitanzi huko nje ya uzio, na siku ya pili vikanasa nguchiro, dume kubwa lenye mkia wa kijivu. Ah, Mu Wah alifurahi siku ile. Alimning'iniza mguu juu kwenye mti wa uzio ili jamaa zake waone. Akapika mchuzi wa maua ya migomba, akamuita hata Mama Htoo Lay aje ale. Eh Say alikula bakuli mbili, akaomba ukoko. Homa ilikuwa haijaonekana siku tano.

"Umeona?" Mu Wah alimwambia mumewe. "Kuku wakitulia na mtoto anatulia."

Siku iliyofuata akapotea wa tano, nguchiro akiwa bado ananing'inia pale pale.

Ndipo Mu Wah alipoanza kuogopa hofu ya namna nyingine. Kwanza hapakuwa na damu. Paka pori huacha manyoya, kenge huacha mburuzo, chatu humeza na kulala hapo hapo kwa uvivu. Huyu hakuacha kitu. Alimwaga majivu kuzunguka uzio wote ili aone nyayo, na asubuhi ya pili majivu yalionyesha nyayo za mbwa, za kuku, zake mwenyewe, na za Eh Say ambaye kutwa nzima alicheza pale. Hakuna nyingine. Alichutama akayatazama majivu yale mpaka miguu ikafa ganzi.

Pili, kulikuwa na ule mwito.

Aliusikia kwanza mchana mmoja akitwanga mpunga kwa kinu cha kukanyaga kwa mguu, jua liko utosini na kijiji kizima kimekwenda mashambani. Prrr, prrr. Ulitoka nyuma ya mifenesi, uliposimama nyumba ya mama yake. Alisimamisha mguu juu ya mchi. Kila mtu huku huita kuku kwa prrr, hilo halina ajabu, na anayeziita roho za mgonjwa huanza vile vile, maana roho na kuku hurudishwa nyumbani kwa sauti moja. Lakini kila mtu ana mwito wake. Bibi Paw Gay aliuvuta mrefu, kisha akamalizia kwa kualika ulimi mara mbili, tak, tak. Na Mu Wah alisikia ulimi ukialika mara mbili.

Hakwenda kutazama. Kiwanja cha nyumba iliyobomolewa hakiingiliwi ovyo, watu hukizunguka, na majani yalikuwa yameshafika kiunoni. Alitwanga kwa nguvu zaidi ili asisikie. Jioni alimuuliza mumewe kama kuna mtu anafuga kuku kule nyuma.

"Nani afuge kule?" alisema Thaw Thi. "Umesikia nini?"

"Hakuna. Nimeuliza tu."

Wa sita alipokwenda, walibaki watatu na mama yao. Mu Wah akaapa. Alimwambia mumewe ajenge banda dogo la mbao chini ya nyumba, mlango wake ufungwe kwa waya uliosokotwa kwa koleo. Kisha yeye mwenyewe akaacha kwenda shamba. Alifunga nyuzi zake za kufumia kwenye nguzo, akapitisha mkanda nyuma ya kiuno, akakaa kitako na mgongo wake umeegemea mlango wa banda. Atakayetaka kifaranga sharti amsogeze yeye kwanza. Alifuma hapo kutwa, mstari mwekundu, mstari mweupe, na nyuma ya mgongo wake alisikia makucha yakichakura.

Siku ya kwanza hakupotea mtu. Siku ya pili hakupotea mtu. Alijiona kidume.

Siku ya pili hiyo hiyo jioni, Eh Say alikataa wali. Usiku mwili wake ulikuwa wa moto hata mkeka uliota joto. Siku ya tatu alilala tu, midomo imekauka, akiongea na mtu ambaye Mu Wah hakumuona.

"Bado," alisema mtoto. "Mama amekaa mlangoni."

"Unasema na nani, mwanangu?"

Eh Say akageukia ukutani.

Mu Wah alishuka akakaa tena kwenye nyuzi zake, maana alifikiri kwa akili yake yote kwamba kadiri mtoto anavyozidiwa ndivyo kuku wale wanavyozidi kuwa dawa pekee iliyobaki. Alikaza mkanda kiunoni. Alikuwa hajalala siku mbili. Jua likapanda, panzi wakaanza kulia kule kwenye majani, kichwa chake kikadondoka kifuani.

Aliamshwa na mwito. Prrr, prrr, tak, tak.

Mgongo wake ulikuwa umeegemea hewa. Mlango wa banda ulikuwa wazi, waya umesokotolewa taratibu na kuwekwa pembeni, umenyooshwa vizuri. Mtetea mweusi alikuwa amesimama peke yake ndani, akitetea kwa sauti ndogo. Mbwa alikuwa macho, akitikisa mkia, anatazama upande wa mifenesi. Mu Wah alipanda ngazi mbili mbili. Mkeka ulikuwa mtupu.

Alikimbia na mkanda wa kufumia bado umemning'inia kiunoni, nyuzi zinaburuta nyuma. Aliingia kwenye kiwanja cha mama yake bila kuomba radhi, majani yakimkwangua mapaja, na katikati, pale palipokuwa na nguzo kuu ya nyumba, alimkuta Eh Say amepiga magoti. Nguzo ile waliing'oa siku ya msiba, shimo lake likaachwa. Mtoto alikuwa amekunja kanzu yake nyeupe mapajani, na ndani ya kanzu vifaranga watatu walikuwa wametulia, hawalii, shingo wamezinyoosha kuelekea shimoni.

"Eh Say."

"Usipige kelele, Mama. Wataogopa."

Mu Wah alitazama ndani ya shimo. Kulikuwa na giza, na katika giza hilo manyoya madogo ya njano na meusi. Alifunga macho.

"Wewe ndiye uliyewachukua? Wote?"

Mtoto akaitikia kwa kichwa.

"Na wewe ndiye uliyekuwa unaita?"

"Mimi siwezi kuita." Eh Say akajaribu, prrr, na mate yakamtoka kwenye pengo. Akajipangusa. "Umeona? Bibi ndiye anayeita. Ananiita mimi na kuku. Kasema kuku ni wake, ulimficha mmoja kwenye pilipili."

Hakuna mtu duniani aliyeambiwa habari ya pilipili. Mu Wah alikaa chini.

"Kasema nichague," mtoto aliendelea, na sauti yake ilikuwa ya uchovu, ya mtu aliyefanya kazi muda mrefu. "Niende mimi au waende kuku. Nikasema kuku. Nikamwomba awachukue mmoja mmoja, ili wewe usikasirike sana. Lakini ukakaa mlangoni, Mama. Ukakaa mlangoni siku nyingi."

Mu Wah alimvuta mtoto mapajani mwake, akambana kifuani na vifaranga wake na homa yake, akalia. Alilia kwa hasira kwanza, hasira kwa mama yake aliyekaa shimoni akimlipisha mtoto. Kisha hasira ikamgeukia mwenyewe, maana mama hakuja kudai kwa mjukuu kabla yeye hajadanganya mbele ya kisu cha mjomba. Kuku havunji yai lake, tunasema. Yeye alikuwa amekaa siku tatu mlangoni akilivunja, huku anadhani analilinda.

Alimbeba Eh Say mpaka nyumbani, vifaranga wakiwa ndani ya kanzu, akamlaza. Thaw Thi aliporudi kutoka shamba alimkuta mkewe amesimama chini ya nyumba, kamshika mtetea mweusi kwa mabawa.

"Baba Eh Say, nina neno. Siku ya msiba nilificha kuku."

Thaw Thi akaweka panga chini.

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilikuona ukipanda ghalani na tenga. Pilipili hazirukiruki tengani, Mama Eh Say." Hakucheka. "Nilinyamaza. Yule si mtoto wako peke yako."

Miezi yote hiyo kila mmoja alibeba siri ile ile kivyake, chini ya paa moja.

Walikwenda wote wawili, jua likiwa bado juu ya kilima. Walifyeka majani kuzunguka shimo. Mu Wah alichinja mwenyewe, kwanza mtetea, kisha wale vifaranga watatu. Alipompasua mtetea alikuta ndani mayai yamejipanga, makubwa na madogo, hadi madogo kama punje za mahindi. Hakuyatoa. Walipika palepale, kwenye mafiga ya zamani ya mama, wakaweka wali kwenye jani na chumvi na pilipili kavu, ngumi nzima ya pilipili.

"Mama," alisema Mu Wah shimoni. "Huyu hapa. Ni wa kumi na moja, na uzao wake wote, na mayai ambayo hayajazaliwa. Mjomba aliniuliza mara mbili, na mara zote mbili nilisema uongo. Mimi ndiye niliyekosa. Ukitaka kugomba, gomba na mimi, nitakuja hapa kila siku unigombeze. Lakini mtoto niachie."

Thaw Thi akajaza udongo, wakaukanyaga, wakarudi nyumbani bila kugeuka nyuma.

Usiku ule Mu Wah alikaa kando ya mkeka, kiganja chake juu ya paji la mtoto. Hakuwa na kuku wa kuilisha mizimu, wala asingekuwa naye tena. Kizazi kile cha kuku, kilichopita kutoka mama hadi mama tangu hakuna aliyejua lini, kilikuwa kimekwishia kwenye shimo la nguzo. Uzi wa kumfunga mtoto aliuweka kibindoni tangu mvua. Aliushika tu, hakuwa na haki ya kuufunga. Wakati fulani alisinzia, na alipozinduka hakuweza kujua kama kiganja chake kilikuwa kinagusa ngozi iliyopoa au iliyokufa. Aliogopa kuuliza. Kisha Eh Say akajigeuza na kuvuta blanketi.

Kulipokucha mtoto alikuwa bado amelala. Mu Wah alishuka uani na ungo wa chenga za mchele mkononi, kwa mazoea tu, kama alivyofanya kila asubuhi ya maisha yake. Wavu ulining'inia bure, diski zikamulika bure. Alifika katikati ya ua, akakumbuka kwamba hana hata kuku mmoja wa kumtupia chenga.

Alisimama hapo. Kule nyuma ya mifenesi kulikuwa kimya. Alisubiri kidogo, asikie, na hapakuwa na kitu ila jogoo wa Mama Htoo Lay mbali huko. Hapo midomo yake, bila yeye kuituma, ikaita. Prrr, prrr. Aliuvuta mrefu. Mwishoni ulimi wake ukaalika mara mbili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla.

Ngazi ya mianzi ililia nyuma yake. Eh Say alikuwa anashuka, nywele zimesimama, amekunja ngumi akijifikicha macho, akaja moja kwa moja mpaka kwenye ungo, akatazama zile chenga kisha akamtazama mama yake.

"Nina njaa," alisema. "Ulikuwa unaniita mimi?"

Mu Wah akaweka ungo chini, akatoa uzi kibindoni.

"Nilikuwa nakuita wewe," alisema. "Lete mkono."